Darubini ya Zamani Inaonyesha Zaidi

Mambo yalianza na tofauti ndogo: darubini ya zamani ilionyesha mtu, mpya haikumwonyesha.

Fundi alikuwa amekaa kwenye dirisha la nyuma la duka, lile linalotazamana na ghorofa lililohamwa ng'ambo ya barabara. Bosi wake alikuwa ameletewa darubini mpya za bei nafuu, akataka zilinganishwe na zile za zamani zilizobaki kabatini, ili mteja akiuliza tofauti asijibiwe kwa kubabaisha. Fundi alikuwa na namna yake ya kulinganisha. Alichagua kitu kimoja kisichosogea, akakitazama kwa hii, kisha kwa ile, na porojo za kwenye boksi hakuzisoma kabisa. Siku hiyo alichagua dirisha la juu la ghorofa lile.

Mpya ilikuwa nyepesi, plastiki na mpira, na ilishikika vizuri. Picha yake ilikuwa pana, ila pembeni ilififia kama chai iliyozidi maji. Dirisha lilikuwa tupu. Ya zamani ilikuwa chuma kitupu, nzito ya kuvunja shingo, na lenzi zake zilikuwa zimeota ukungu, zile nyuzi nyeupe nyembamba zinazotambaa ndani ya kioo kikikaa gizani muda mrefu. Lakini katikati picha ilikuwa safi ajabu, na pale dirishani alikaa mwanamke, amempa mgongo.

Mwingine angeiweka chini akashika njia. Fundi alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu mazishi moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hata angemwagiwa maji ya moto angeuliza tu nani kamwaga. Hakuogopa. Alifikiri kifundi, na hapo ndipo alipopotea: kama kioo hiki kinaona ambacho kile hakioni, basi hiki ndicho bora.

"Ya zamani inaonyesha zaidi," alimwambia bosi.

Bosi akachungulia, akakunja uso. "Inaonyesha nini? Dirisha tupu hilo. Na hii harufu ya nywele zilizoungua inatoka wapi? Haki ya Mungu, hii haiuziki. Chukua wewe."

Akaichukua nyumbani. Alasiri, akisharudi kutoka kazini, alikaa sebuleni akaielekeza popote, kwenye tangi la jirani, kwenye ukuta, kwenye nguzo ya umeme, na popote alipoielekeza mwanamke alikuwepo, kila mara karibu zaidi. Siku alipogeuka, uso wake ulikuwa wa marehemu mkewe. Kitu kilimchoma fundi kifuani. Maumivu hayo yalikuwa matamu kwake, maana alikuwa hajaumia muda mrefu, kwa hiyo aliendelea kutazama.

Bintiye walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Wiki hizo akaanza kunyamaza. Harufu ya nywele zilizoungua ikahamia kwenye mapazia, na mchana kweupe zikasikika kucha zikigonga kioo mahali ambapo hapakuwa na kioo.

"Baba, mbona ndani kuna moshi?" Chiriku aliuliza. Hapakuwa na moshi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa akimlea mtoto. Siku moja alimvuta fundi jikoni.

"Shemeji, mtoto anapapasa kuta," alinong'ona. "Yale matone ya macho aliyopewa hospitali hayajafua dafu. Hebu mtazame macho, mtazame kama baba yake!"

Fundi akamsogeza Chiriku dirishani, akamwinua kidevu. Ndani ya mboni mlikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba, zinatambaa kutoka pembeni kwenda katikati. Alizijua vizuri. Akaenda kuichukua darubini ya zamani, akaielekeza kwenye mwanga, akakuta lenzi zake safi, hazina hata uzi mmoja.

Shemeji akamleta mganga, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Umekuwa ukimtazama?"

"Ni mke wangu."

"Si mkeo, baba. Ni jini, limevaa sura unayoitamani. Hebu niambie, hicho chombo kazi yake nini?"

"Kuvuta cha mbali kije karibu."

"Basi umelivuta mwenyewe mpaka ndani. Sasa linataka macho ya kuonea, na ya mtoto bado mapya. Geuza chombo, litazame kwa upande mkubwa, ulirudishe lilikotoka. Usikitoe machoni mpaka lipotee. Na mtoto asipite mbele ya kioo, unanisikia? Upande huo hauchagui. Kinachotazamwa kinakwenda."

Shemeji akamkumbatia Chiriku nyuma ya mgongo wa fundi. Fundi akapiga moyo konde, akaigeuza darubini.

Lilikuwa limesimama mbele yake kabisa, pua kwa pua, na harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa kooni, na kucha zikaanza kugonga kioo kile kile alichokuwa akitazama kwacho, na sauti ya mkewe, sauti ile hasa ya kumwamsha asubuhi, ikamuuliza, "Na mimi unanifukuza?", naye akauma meno asijibu, akatazama, na lile umbo likaanza kurudi nyuma bila kupiga hatua, likapita meza, likapita ukuta kana kwamba hakuna ukuta, likapita barabara, likawa kama mtoto, likawa kama sindano, na uchungu ukampasua kifua kwa sababu ule uso hatauona tena popote, na bado akatazama mpaka pakawa peupe.

Harufu ikakatika.

"Naona!" Chiriku alipiga kelele nyuma yake. "Baba, naona!"

Furaha ikamgeuza. Akageuka mzima mzima, darubini ikiwa bado machoni, kama fundi aliyezoea kutazama kila kitu kwa chombo. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu. Alimwona bintiye amekuwa mdogo kabisa kwenye ncha ya kioo, ameponyoka mikononi mwa shemeji, anamkimbilia baba yake wala hafiki.

Akaitupa darubini sakafuni. Chiriku alikuwa pale pale mbele yake. Akamkumbatia, akalia kilio chote kilichomshinda kaburini, akamshika mashavu, akamtazama macho. Yalikuwa safi, hayana hata uzi mmoja. Ila hayakumtazama yeye. Yalitazama juu ya bega lake, huko mbali, na mtoto alikuwa ameweka kiganja juu ya nyusi kuzuia mwanga.

"Baba!" aliita kwa nguvu, kama amwitaye mtu ng'ambo ya barabara. "Mbona umesimama kule? Njoo basi!"