Faili la Baba Lilifunguliwa Lini?

Kila asubuhi Cheche alifungua karakana yake kabla barabara haijachangamka. Alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, madirisha ya chuma, vitanda. Cheche ni jina la utani. Wateja walidhani alipewa kwa sababu ya kazi. Waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu ya mdomo.

Nyuma ya karakana palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Baba yake aliijenga mwenyewe kabla ya kufa. Sasa alikaa humo Mama peke yake. Kila asubuhi Mama alileta chai, akaketi kwenye benchi, akasoma maneno ya kwenye makopo ya rangi. Alikuwa anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima.

"Hu-ka-u-ka ha-ra-ka," alisoma. "Hukauka haraka."

"Safi, Mama. Mwaka huu utanisomea mikataba."

Asubuhi hiyo walisikia sululu ikipiga nyuma ya nyumba. Cheche alitoka na nyundo mkononi. Vibarua wawili walikuwa wanachimba mashimo. Pembeni alisimama mtu asiyemjua. Karibu yake alikuwepo baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yake, amevaa koti la sherehe siku ya kazi.

"Baba mdogo, mnachimba nini?"

"Mashimo ya nguzo. Huyu bwana ananunua kiwanja na nyumba. Mwezi ujao mama yako aende akakae kwa dada yake."

"Kiwanja cha nani?"

"Changu. Mahakama imenipa."

Akatoa karatasi mfukoni, akaonyesha muhuri, akairudisha kabla mtu hajasoma hata mstari mmoja.

Muhuri tu. Miaka yote hiyo ndicho walichoonyeshwa, na hakuna aliyewahi kusema lete tusome. Kwa nini? Kwa sababu baba mdogo ndiye aliyesimamia mazishi. Katika familia hiyo, kumdai karatasi mtu aliyekuzikia mume ni sawa na kumwita mwizi. Basi walinyamaza kwa heshima, naye akanenepa kwa kimya chao.

Mama aliingia ndani, akatandika shuka sakafuni, akaanza kufunga masufuria yake. Cheche alipoona vile damu ilimchemka.

"Fungua hayo masufuria," alisema. "Huendi popote."

Akaenda moja kwa moja mahakamani, na vumbi la chuma bado liko kwenye nywele.

Masjala, yaani ofisi inayotunza mafaili, ilikuwa na dirisha dogo la kioo. Ndani alikaa karani, mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni.

"Nataka faili la mirathi ya baba yangu," alisema Cheche.

"Jina lake kamili, kama lilivyo kwenye cheti cha kifo?"

Cheche akalitaja.

"Shauri ni la mwaka gani?"

Cheche akataja mwaka aliozikwa baba. Karani akaenda kwenye rafu, akakaa huko kitambo, akarudi mikono mitupu.

"Mwaka huo hakuna."

"Angalia tena."

"Nimeangalia mara mbili, dada."

"Mmelificha," Cheche akafoka. "Mmekula na baba mdogo, mnamtupa mjane nje." Akapiga kioo kwa kiganja. Kioo kikalia, ufa ukakimbia toka juu hadi chini. Mlinzi akamshika kiwiko, akamtoa.

Nje, mwanamume mwenye mkoba wa makaratasi akamfuata kwa sauti ya chini. "Dada, toa kitu kidogo, faili litaonekana leo hii." Cheche alimjibu neno ambalo haliwezi kuandikwa kwenye kitabu.

Jumamosi alikuja mteja kuchukua geti dogo lililoagizwa na kaka yake. Cheche alizima mashine, akainua kinga ya uso. Alikuwa yule karani. Walitazamana.

"Kumbe fundi ni wewe," alisema karani. "Dirisha langu lina ufa."

"Nitakuwekea kioo kipya. Lakini faili la baba yangu mmelificha."

Karani alivuta benchi akaketi karibu na Mama. "Sikiliza. Hasira yako ni ya haki, ila umempiga nayo mtu asiyehusika. Mimi pia nina hasira. Kila siku natukanwa kwenye lile dirisha, na wengi wanaonitukana wangejibu vizuri swali moja tu, wangesoma faili lao siku hiyo hiyo."

"Uliniambia halipo."

"Nilikuambia mwaka huo halipo. Wewe ulinipa mwaka gani?"

"Mwaka aliokufa baba."

"Mimi nilikuuliza mwaka wa shauri. Faili la mirathi halipangwi kwa mwaka wa kifo. Linapangwa kwa mwaka ambao mtu alikwenda mahakamani kulifungua. Mtu anaweza kufa leo, shauri likafunguliwa baada ya miaka kumi."

Cheche aliokota nyundo, akaigeuzageuza mkononi.

"Sasa mwaka huo nitaujuaje?"

"Shauri la mirathi linahitaji cheti cha kifo. Nani aliwahi kuja kukiomba hapa nyumbani?"

Mama aliinua uso. "Shemeji alikuja. Alisema kinatakiwa kwa mambo ya kaburi. Baadaye akakirudisha. Ilikuwa mwaka ule mwanangu alipoungua mkono."

Cheche aliangalia kovu lake. Mwaka huo hakuhitaji kuukumbushwa. Alikuwa bado anajifunza ufundi. Ilikuwa miaka minne baada ya mazishi.

"Mambo ya kaburi!" alisema. "Kaburi lilishaota majani." Akaitupa nyundo, ikagonga pipa.

"Nyundo haina kosa," alisema Mama. Kisha akamgeukia karani. "Na kama nisingekumbuka?"

"Mngeandika barua ya kuomba jina la marehemu litafutwe kwenye rejista, kuanzia mwaka wa kifo mpaka leo. Lisipoonekana kwetu, mnauliza mahakama ya juu yetu, kwa sababu mashauri mengine ya mirathi hupelekwa huko. Mrithi ana haki ya kuomba. Hulazimiki kuwa na wakili, na yule wa mkoba pale nje humhitaji kabisa. Kuna ada ya nakala. Unalipa ofisini, unapewa risiti. Asiyekupa risiti usimpe kitu."

"Basi niletee faili hapa Jumatatu jioni," alisema Cheche.

"Nikilitoa pale, nafukuzwa kazi. Njoo dirishani kama watu. Uje na cheti cha kifo na kitambulisho. Kiganja hicho kiache nyumbani."

Jumatatu Cheche na Mama walikwenda mahakamani. Kwanza Cheche aliweka kioo kipya. Kisha akatoa barua ya mistari michache: jina la marehemu, mahali alipoishi, mwaka wa shauri, na yeye ni nani kwa marehemu. Karani aliingia kwenye rafu akarudi na faili lenye vumbi.

"Someni hapa mezani. Halitoki nje."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa maombi ya baba mdogo. Aliandika kwamba kaka yake amefariki, ameacha nyumba na kiwanja. Chini yake yalikuwepo majina ya warithi. Cheche alisoma, akarudia kusoma, akasukuma faili mbele ya Mama.

Mama aliweka kidole kwenye karatasi. Midomo yake ilikwenda polepole, silabi kwa silabi.

"Hili ni jina langu," alisema. "Na hili ni lako."

"Ni mwandiko wake huo," alisema Cheche. "Alitujua. Alituandika yeye mwenyewe, halafu akaja kutuambia hatuna kitu."

Alikuwa amejiandaa kukuta uongo, muhuri wa bandia, jina la kughushi. Hili lilimuuma zaidi. Baba mdogo aliiambia mahakama ukweli, akawadanganya watu wa nyumbani.

Karani alifunua ukurasa mwingine. "Hii ndiyo karatasi anayotembea nayo. Ni halali kabisa. Imemteua kuwa msimamizi wa mirathi."

"Msimamizi si ndiye mwenye mali?"

"Hapana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Msimamizi amepewa kazi. Anakusanya alichoacha marehemu, analipa madeni yake, anawagawia warithi, kisha analeta hesabu hapa mahakamani. Tafuta hesabu yake humo."

Cheche alifunua mpaka mwisho. Hesabu haikuwemo.

"Haijaletwa," alisema karani. "Ombeni nakala iliyothibitishwa, yaani yenye muhuri wetu. Kisha mwandikieni hakimu. Mwombeni amwite msimamizi alete hesabu, na azuie kiwanja kisiuzwe kwanza. Mkikwama kuandika, kuna wasaidizi wa sheria chumba cha pili. Hawatozi."

Siku nakala ilipotoka, baba mdogo na mnunuzi walikuwa kiwanjani na nguzo zao. Cheche alimpa mnunuzi karatasi. Mnunuzi alisoma akiwa amesimama kando ya shimo, uso ukazidi kukunjamana.

"Wewe mzee," alimwambia baba mdogo, "ulisema ni chako. Unaniuzia mali ya mjane niingie kesini?" Akawaita vibarua wapakie nguzo.

"Mnaniaibisha mbele ya watu," alisema baba mdogo. "Mimi niliyewazikia."

Cheche alifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamepanga foleni. Mama akamvuta mkono.

"Niachie mimi," alisema, akasogea mpaka mbele ya shemeji yake. "Ulimzika kaka yako, nakushukuru mpaka leo. Nilinyamaza kwa sababu hiyo. Lakini nimesoma, shemeji. Kwa kidole changu mwenyewe. Mahakama haikukupa nyumba. Ilikupa kazi, na hujaifanya."

Baba mdogo aliingiza mkono mfukoni, pale kwenye karatasi yake. Safari hii hakuitoa.

Waliandika barua, hakimu akamwita baba mdogo. Alifika mara ya kwanza bila hesabu, akafokewa mbele ya watu, akapewa tarehe nyingine. Mara ya pili alileta. Nyumba na kiwanja vikaandikwa kwa majina ya Mama na binti yake. Mama alifungua lile shuka, akapanga masufuria yake kwenye rafu.

Siku hizi mtu akija karakana akilalamika kwamba ndugu amechukua urithi kwa karatasi ya mahakama, Cheche huzima mashine. "Umeisoma?" huuliza. "Shauri lilifunguliwa mwaka gani?" Akijibiwa kwa mwaka wa kifo, hukasirika, humkalisha kwenye benchi, na huanza kueleza.

Mashimo ya mnunuzi hayakufukiwa. Cheche alisimamisha nguzo zake humo, akachomelea geti zito, akampa Mama ufunguo. Baba mdogo akija kusalimia, hubisha hodi na kungoja afunguliwe.