Aliyesoma Mstari wa Jini

Mstari wa jini ulisomwa vizuri kuliko mistari yote siku ile, na mwanafunzi aliyepaswa kuusoma hakuwepo darasani.

Lilikuwa somo la fasihi, kidato cha tatu. Mwalimu alikuwa ametoa kazi ya vikundi: kila kikundi kitafute kisasili kwa wazee wa nyumbani, kikigeuze kuwa tamthilia, kisha kiigize ukumbini mbele ya wazazi. Msichana mmoja waliyemwita Kasuku, kwa sababu kitu akikisikia mara moja tu ameshakikariri, alileta kisasili cha jini wa mlangoni. Zamani, majini na binadamu walilala nyumba moja, mpaka binadamu walipowamwagia wenzao maji ya moto na kuwatoa. Tangu hapo jini huyo hupita mlango kwa mlango, na akimkuta mtu kakabwa na hasira humuuliza, "Nani amekukasirisha?" Ukimjibu, umempa pa kukaa. Mwisho wa kisasili Kasuku hakuupata. Bibi yake alikuwa ameusahau.

Asubuhi hiyo mwalimu aliingia darasani akiwa na hasira. Makamu wa mkuu wa shule alikuwa amefungua stoo, akakuta vinyago vya maigizo ambavyo wanafunzi walivikata kwenye maboksi, wakavigandisha kwa gundi na kuvitia nywele za nyuzi. Akavirundika nyuma ya jiko, akavitia kiberiti. Mwalimu alipokwenda kumuuliza, Makamu hakumvuta pembeni. Alimjibu palepale kwenye korido, wanafunzi wametega masikio.

"Mtihani hauulizi mashetani," alisema. "Na wewe mtoto wako mwenyewe huna, halafu unafundisha watoto wa wenzio kuita majini!"

Mwalimu aliwahi kuharibikiwa na mimba. Makamu alijua. Ndiye aliyemsainia ruhusa ya kwenda hospitali.

Akayameza. Akaingia darasani, akasema, "Someni."

Kasuku alisoma sehemu ya mwenye nyumba. Ulipofika mstari wa jini, pakawa kimya, maana msomaji wake alikuwa mgonjwa kwao. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya dawati la mwisho, nzito, ya polepole, kama ya mtu mwenye kiu.

"Nani amekukasirisha?"

Wanafunzi walidhani mwalimu kageuza sauti. Mwalimu alidhani ni mmoja wa wale watundu wa nyuma. Na kwa kuwa swali lilimgusa palepale kwenye jipu, jibu lilimponyoka kabla hajalifikiria.

"Makamu!"

Darasa zima likaangua kicheko. Hakuna aliyejiuliza kwa nini kulinuka gundi inayoungua, wakati moto wa nyuma ya jiko ulikuwa umeshazimwa kwa maji.

Kesho yake Makamu alisimama mbele ya wanafunzi kutoa matangazo, akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Hakukwaruza wala hakukohoa. Alikuwa kama redio iliyotolewa betri. Mishipa ya shingo ilimvimba, macho yakamtoka, na wanafunzi waliokuwa wameanza kucheka wakanyamaza mmoja mmoja. Daktari alimmulika koo akasema halina kasoro yoyote.

Mwalimu aliona raha. Tusimfichie. Alirudi nyumbani akala akashiba, akaanza kuosha vyombo huku akiimba. Ndipo harufu ya gundi ilipopanda kutoka kwenye tundu la sinki, na chini yake, ndani ya bomba, mtu akauliza kwa upole:

"Nani mwingine?"

Sahani ikamtoka mkononi.

"Kuna nini huko?" mama yake aliita kutoka sebuleni.

"Sahani tu, mama."

"Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu."

Mama yake alifika mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Basi kuna mtu anaongea na wewe," alinong'ona.

Tangu siku hiyo mwalimu akawa anatembea kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto kichwani. Jirani akifungua muziki, anauma midomo. Mwanafunzi akinakili kazi ya mwenzake, anaandika alama na kulifunga daftari haraka. Maana kila hasira ilipopanda, hata iwe ndogo kama punje, sauti ilikuwa sikioni pake: nani, nani, nani. Mama yake alitaka kuleta mtabibu wa majini. Alikataa. Alisema yeye ni msomi, anafundisha visasili, haviogopi.

Mchana mmoja walikuwa ukumbini wakifanya mazoezi. Kasuku alisimama katikati ya jukwaa akashindwa kuendelea.

"Mwalimu, naomba tuache," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna kitu humu. Labda Makamu alisema kweli."

Alisema kweli! Maneno hayo yalimwingia mwalimu kama chumvi kwenye kidonda, na pazia la jukwaa lililokuwa limetulia likaanza kufura kama tumbo linalovuta pumzi, na harufu ya gundi na nyuzi zilizoungua ikajaa ukumbi mzima mpaka watoto wakaziba pua, na sauti ikauliza, safari hii bila upole, ikitoka nyuma ya pazia na chini ya mbao na ndani ya kifua chake mwenyewe, nani, nani amekukasirisha, naye akajiziba mdomo kwa mikono miwili asije akatamka, akang'ata kiganja mpaka kikatoka damu, lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwa Kasuku.

Msichana alikuwa anasema "Mwa..." Neno halikumalizika.

Jioni hiyo mwalimu alimwambia mama yake amwite mtabibu.

Alikuja mwanamke mfupi, mkali kuliko walimu wote, na chetezo chake cha ubani. Alisikiliza habari yote bila kukaa.

"Ubani wangu utampigisha chafya tu," alisema. "Huyu umemwajiri. Anayefukuza ni mwajiri. Ulimtaja nani?"

"Makamu."

"Na binti?"

"Huyo sikumtaja," mwalimu alijibu, akatazama ukuta.

"Sawa. Umempa jini hasira yako aitumie badala yako. Mnyang'anye. Simama mbele ya uliyemtaja, umwambie kwa mdomo wako yale uliyoyameza. Usipunguze hata neno."

Walikutana ukumbini baada ya masomo: Makamu na mkewe, Kasuku na mama yake, mtabibu na mwalimu. Chetezo kilipoanza kutoa moshi, pazia lilifura tena. Milango ikajibamiza. Sauti ikaja karibu sana, karibu kama mume kwenye mto.

"Nimmalizie?" iliuliza. "Sema ndiyo tu."

Na Mungu anajua, alitaka kusema ndiyo. Alimtazama Makamu aliyekonda, skafu shingoni, na bado alitaka.

"Hapana," alisema. "Huyu ni wangu."

Akamsogelea. "Ulichoma kazi ya watoto. Kazi ya mikono yao, ukaichoma kama takataka! Ukanitukana kwa mtoto niliyempoteza, mbele ya wanafunzi wangu, na karatasi ya ruhusa ulisaini wewe. Ulijua! Ulichagua neno lile kwa sababu ulijua. Mimi sikukasirika kidogo, bwana. Nilikasirika hadi nikamfungulia shetani mlango. Na hasira hiyo ni yangu, simwachii mtu, simwachii jini, nitakaa nayo mwenyewe!"

Pazia likachanika toka juu hadi chini. Kitu kikawapita kwa kishindo, kikaangusha viti mstari mzima. Makamu akakohoa, akakohoa tena.

"Nisamehe," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Bado," mwalimu alimjibu.

Lakini harufu haikuisha. Mtabibu aligeuka, akamtazama Kasuku aliyekuwa anafungua na kufunga mdomo bila sauti, kisha akamtazama mwalimu.

"Ulinificha," alisema.

Mwalimu alipiga magoti mbele ya msichana. Hapo hakuwa na ukali wowote wa kumsaidia. "Ni mimi," alisema. "Sikukutaja, lakini nilikutazama wewe. Uliogopa, ukasema ukweli, na mimi nikakukasirikia wewe."

Dirisha la mwisho likafunguka lenyewe, na hewa safi ikaingia.

"Nilijua," Kasuku alisema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Nilikuwa nakutazama pia." Akashika mkono wa mama yake. "Mama, twende."

Alihamia mkondo mwingine wa kidato hichohicho. Siku hizi wakikutana kwenye korido humwamkia mwalimu vizuri, kwa adabu zote, ila macho yake huyaelekeza sakafuni mpaka wapishane. Na mwalimu, aliyezoea kuwaambia wanafunzi wake wainue uso wanaposema na mtu, hajathubutu kumwambia.