Gunia Jeusi la Oldeani

"Chui Moja, mzigo umetoka Oldeani. Land Cruiser nyeupe, inapanda Ngorongoro. Ova."

"Naiona," Sitonik alijibu kwenye redio.

Askari kanzu huyo alizidisha moto pikipiki yake ya Honda. Vumbi jekundu likamjaa kinywani.

Hakuhisi kitu. Tangu mwenzake Lekoko auawe Loliondo, moyo wake haukushtuka tena.

Ndani ya gari lile kulikuwa na gunia la unga mweusi. Valeria, mkemia kijana wa Karatu, alitumia miezi minane kuchoma maganda ya kahawa na kuyachanganya na chuma, hadi akapata unga unaonasa rangi ndani ya maji, kisha wenyewe unanaswa na sumaku. Wezi walichukua gunia na daftari la vipimo. Nakala hakuna. Kampuni ya nje ilisubiri kuusajili kwa jina lake, na kijiji kilichochota maji mekundu chini ya kiwanda cha vitambaa kingeendelea kuyachota.

Lango la Loduare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro. Gari limesimama, askari anakagua.

Sitonik alijitanda shuka juu ya bastola yake, Glock, akasogea dirishani.

"Za safari, kaka?"

"Njema, morani," dereva alijibu. Leseni mkononi mwa askari ilisema Josephati. "Nawahi Nainokanoka."

"Na gunia?"

"Mbolea. Ya mahindi ya shemeji."

Sitonik alizaliwa Nainokanoka. Kule, ndani ya hifadhi, kulima ni marufuku. Hata unga wa ugali hununuliwa Karatu.

"Shemeji yako anapanda mahindi mgongoni mwa ng'ombe?"

Askari aliangua kicheko.

Josephati hakucheka. Mkono wake ulishuka chini ya kiti.

Glock ikawahi kutua shingoni mwake.

"Taratibu, kaka. Mikono kwenye usukani."

Chini ya kiti palikuwa na bastola. Chini ya bastola, daftari.

"Mzigo mzima. Ova."

"Majeruhi?"

"Hakuna."

Alasiri, Karatu. Valeria alimwaga kijiko cha unga ndani ya jagi la maji mekundu, akakoroga, akasubiri. Kisha akabandika sumaku ya spika ubavuni. Weusi wote ukakimbilia upande mmoja. Maji yakabaki meupe.

Binti alilia kwa furaha, kwa sauti, bila aibu.

"Na wewe hufurahi hata kidogo, kaka Sitonik?"

Sitonik aliyatazama maji yale. Alijikagua ndani. Bado hakuhisi kitu.

"Anza wewe, dada. Mimi nitafuata."

Akavaa helmeti, akatoka.