Magoti ya Nani

Paka hakuwa wa kwao. Hilo peke yake lilitosha kumshtua Fundi Picha, lakini wapi! Alimkuta tu mchana huo, chumba cha nyuma ya studio, paka mweusi tii, amejikunja mapajani mwa mama yake mzazi, na milango yote imefungwa.

"Mama, huyu kaingilia wapi?"

"Sijui, mwanangu. Nimeshtukia tu joto mapajani."

Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri mno. Fundi akapiga picha, akakimbilia kompyuta. Kulikuwa na kundi la wapiga picha wakubwa mtandaoni, mtu anatuma kazi yake, wenzake wanatoa maoni, na Fundi alikuwa na kiu ya sifa zao. Ila mama naye alionekana pichani: gauni lenye viraka, vidole vilivyokolea weusi wa mkaa aliouza miaka yote, mkaa uleule uliomnunulia mwanawe kamera ya kwanza. Fundi akaona haya. Akamkata. Akabakiza paka na magoti tu, akaipunguza picha kwa kuwa kundi halipokei kubwa, akaituma.

Sifa zikamiminika. Kisha mmoja akauliza: "Paka balaa! Ila hayo magoti ni ya nani?"

Bila kupepesa macho, Fundi akaandika: "Ya dada wa kazi."

Kule nyuma mama akakohoa. Kikohozi kilikuwa kidogo, kama cha mtoto.

"Kata zaidi, magoti yanaharibu," wakamshauri. Akakata, akapunguza tena. Studio ikaanza kunuka manyoya yaliyoungua.

"Mwanangu," sauti nyembamba ikaita, "mbona kiti kimekuwa kikubwa?"

Fundi akaenda mbio, na alipousukuma mlango ile harufu ikamvaa usoni, na kukoroma kwa paka kukatetemesha vioo vya dirisha, na pale kitini akamwona paka amejaa kuanzia mkono mmoja wa kiti mpaka wa pili, na nyuma ya mgongo wake, amebanwa kwenye pembe, mama yake, miguu inaning'inia mbali na sakafu, gauni limemfunika mpaka kidevuni, macho yanamtazama mwanawe bila hasira yoyote.

"Umemfanya nini mama yangu?" akanong'ona.

Paka akafumbua kinywa, akasema taratibu, kwa sauti ya mtu mzima: "Mimi? Aliyempunguza ni wewe. Mimi nimekalia nafasi iliyobaki."

"Nifanyeje? Niambie, nakuomba."

"Wamekuuliza magoti ni ya nani. Wajibu."

Simu ilikuwa mkononi, kundi na picha nzima vimo humo. Jamani, na hata hapo alisita! Aliwafikiria wakubwa wale, akafikiria watakavyomcheka, na wakati anafikiria, mkono wa mama ukapotelea ndani ya gauni. Ndipo aibu ikamgeukia yeye mwenyewe, ikamchoma mpaka machozi yakamtoka. Akaituma picha nzima, na maneno haya: "Nilidanganya. Huyu ni mama yangu mzazi. Mkaa wake ndio ulioninunulia kamera."

Harufu ikakatika. Paka hayupo. Mama amekaa kitini mzima mzima, miguu sakafuni.

Fundi akapiga magoti. "Mama, nisamehe."

"Dada wa kazi amechoka," mama akasema kwa upole. "Anaomba ruhusa akalale."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nani kakwambia, mama?"

Mkono wa mama ulikuwa unapapasa mapaja matupu, taratibu, kuanzia kichwani kuelekea mkiani, na palepale chini ya vidole vyake vyeusi kukoroma kukaanza upya.

Fundi akaruka wima. "Namwita mganga sasa hivi! Aje amfukuze!"

"Mwache," mama akasema. "Yeye hakunikata."