Taa za Deraya

"Usiikunje! Dada, tafadhali, usiikunje hiyo picha!"

Duka zima la fotokopi likageuka. Ilikuwa saa sita mchana, wanafunzi wamejazana na fomu zao, mashine inanguruma, na huyu kijana mrefu mwenye doa la wino kwenye mfuko wa shati anapiga kelele kama aliyeona nyoka. Binti aliyepigiwa kelele alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, na juu yake koti jeupe la duka la dawa. Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele.

"Kaka, picha ni yangu au yako?"

"Yako. Lakini ukiikunja hapo unamkata huyo askari kichwa."

"Huyo askari ni baba yangu."

Jamani, wengine mapenzi huyaanza kwa kujiaibisha mbele ya foleni. Kijana akajieleza harakaharaka: anatunza picha za zamani za gazeti. Zinakuja kwa maboksi, hazina jina wala tarehe, naye kazi yake ni kutambua ndege, meli na magari ya jeshi yaliyomo, hata yale ambayo wanajeshi wenyewe wameyasahau. Kazini wanamwita Darubini.

"Basi utajua hii ilipigwa lini?"

"Nipe siku mbili. Gari la jeshi haliongopi."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nina namba ya simu tu."

Mfamasia akacheka, akaiandika, akampa na yake, akamwachia picha.

Asubuhi ya kesho yake Darubini aliweka kioo cha kukuzia juu ya picha. Askari kijana, tabasamu pana, ameegemea deraya, gari la vita la chuma, la magurudumu sita. Hilo alilifahamu vizuri. Toleo la kwanza lilikuwa na taa zilizotokeza nje, zikivunjwa na kila kichaka, mpaka kiwanda kikazizamisha ndani ya bodi nyuma ya wavu. Kwenye picha hii taa zilikuwa ndani, na mabadiliko hayo yalifanywa miaka minne baada ya vita kwisha. Akaandika kwenye daftari lake la kazi, kisha akapiga simu kwa furaha.

"Hujambo Dawa yangu? Kwanza niambie habari za mzee wako, nikuandikie maelezo kamili."

"Mzee alifia vitani, wiki ya mwisho ya vita. Nilikuwa na miaka miwili. Tuliletewa barua tu, mwili hatukuuona. Sasa rafiki yake amefariki, mjane wake ameikuta picha hii sandukuni akatuletea. Mama anaumwa miguu, hatoki kitandani, na siku hizi wimbo wake ni mmoja: ilipigwa lini? Haya, niambie."

Darubini akazitazama tena zile taa. Angesema nini? Kwamba baba yake miaka minne baada ya kufa alikuwa akitabasamu kwenye jua, na nyumbani hakurudi?

"Gari lenyewe... silijui," akasema.

"Wewe! Darubini gani hiyo yenye ukungu?"

Wakacheka wote wawili, yeye kwa shida.

Basi mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana, na Jumapili gauni la njano na mikono kushikana. Mwezi wa tatu Darubini alitaka kuleta barua ya posa.

"Mama hatakubali," mfamasia akasema. "Si wewe, mpenzi. Wawili wameshakata tamaa kabla yako. Kiti cha baba siku ya posa hataki akikalie baba mdogo. Anasema, 'Sijaona kaburi.' Ndiyo maana nakusumbua na ile picha. Akijua ilipigwa kabla ya ile barua, labda moyo utatulia."

"Ningeweza, ningefanya," akajibu.

Siku moja mfamasia akamfuata kazini bila taarifa, na chakula cha mchana mkononi. Darubini hakuwepo. Mama mmoja wa chumba cha picha, mkarimu kupita kiasi, akamkaribisha, na mfamasia akaitaja picha ya baba yake.

"Picha ya deraya? Mbona mwenzako alishalitambua zamani! Ngoja." Akafungua daftari. Mfamasia akasoma kwa macho yake: *Taa za ndani. Si kabla ya mwaka wa nne baada ya vita.*

Darubini alipoingia akamkuta amesimama mlangoni, picha ya baba yake mkononi.

"Miezi mitatu! Unanishika mkono na huku unajua baba yangu alikuwa hai?"

"Nilishindwa. Nilikuogopea."

"Hukuniogopea mimi, ulijiogopea wewe. Usinipigie!"

Alipiga mara arobaini, na mara zote iliita bure. Kukonda alikonda, kazini akaanza kuandika meli kwenye boksi la ndege.

Wiki ya tatu simu yake ikalia.

"Daru." Sauti ilikuwa ya mtu aliyelia sana. "Mama anakutaka uje umwambie mwenyewe. Nimejaribu kumweleza, nimeshindwa. Akijua ukweli ataona alitupwa, ameteseka peke yake kwa ajili ya mtu aliyemtoroka. Mwambie ni ya kabla ya vita kwisha. Nakuomba."

"Si juzi tu uliniacha kwa kukuficha?"

"Najua. Sina njia nyingine."

Akaenda. Chumba kidogo, pazia la maua, mama amekaa kitandani na khanga mpya mabegani, nywele zimesukwa upya. Alijipamba kwa ajili ya jibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie, usinizungushe. Hili gari ni la lini?"

Darubini akamtazama mfamasia. Mfamasia akatazama sakafu.

"Ni la wakati wa vita, mama. Miezi michache kabla ya ile barua."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mabega yakamshuka mama, akaiweka picha kifudifudi mapajani.

"Basi amekufa kweli," akasema taratibu. "Mwenzenu nilikuwa na tamaa yangu. Nilipoona amenenepa kidogo hapa nikasema, huyu ni wa baadaye, huyu yuko mahali. Labda ana mke mwingine na watoto. Potelea mbali, nisingemuuliza lolote. Awe hai tu."

"Mama..." mfamasia akaanza.

"Acha, mwanangu. Nimengoja vya kutosha. Mpigie baba mdogo wako, aje akae kiti cha baba yako. Huyu kijana asikae na barua yake mfukoni. Haya, nendeni, niacheni nimlilie mume wangu."

Wakatoka mpaka jikoni. Ruhusa waliyoililia miezi yote ndiyo hiyo wamepewa.

"Nirudi nimwambie?" Darubini akanong'ona.

"Umwambie nini? Kwamba yuko hai na hakumtaka? Au kwamba tumemuua sisi?"

"Sasa tufanye nini, Dawa?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Chumbani kilio kikaanza, cha chinichini kwanza, kisha cha msiba kamili. Majirani wakaanza kuingia na kuuliza nani amefariki. Mfamasia akafungua mlango, akawajibu: "Baba."