Vigae vya Kaburi la Lazaro

Haya yalimpata rafiki yangu Mung'aro, fundi wa vigae, wala si mtu wa kubuni maneno.

Alikuwa akipamba ukuta wa kanisa moja nyuma ya Mwembe Tayari, ndani ya chumba cha sala kisicho na dirisha. Picha, ya vipande vidogo vya vigae, ilikuwa ya Lazaro akifufuliwa. Vipande vyote vilishika, isipokuwa vile vyeusi vya mdomo wa kaburi. Akivibandika jioni, asubuhi huvikuta sakafuni.

"Fundi, kazi haiishi tu?" akauliza Caroline, mtunza kanisa.

"Dada, nimechoka miye! Simiti nimebadilisha, ukuta nimeukwangua. Una kisirani huu!"

Akapaka simiti mpya penye mdomo wa kaburi, akailainisha kwa mwiko. Kabla hajabandika hata kipande, stima ikapotea. Gizani akasikia mkwaruzo, taratibu, karibu na uso wake.

"Dada, acha mzaha!"

"Mimi niko uani," Caroline akajibu kwa mbali.

Stima iliporudi, palikuwa na alama ya kiganja kwenye simiti mbichi. Mung'aro akainua mwiko kwa hasira aifute. Mtu akibonyeza simiti, alama huzama. Hii ilikuwa imetokeza nje, na vidole vilikuwa bado vinazidi kutokeza.