Kifua Kipana, Mikia Iliyolala

Uvumi ulimganda fundi cherehani kama uzi kwenye sketi: mumewe kaonekana mara mbili akiingia kwa mwanamke wa koti jeupe, nyuma ya duka la dawa. Mawifi, waliokuwa wakinong'ona kuwa yeye ni tasa, sasa walimcheka waziwazi.

Zamani, fundi na mumewe walikutana kwenye duka la nguo lililofurika watu. Yule bwana alikuwa akijaribu shati, kifungo kikaruka na kumgonga fundi kwenye paji la uso.

"Kaka, hicho ni kifua au mlango wa ghala?"

"Mlango, dada. Ufunguo unao wewe."

Tangu hapo akaitwa Kifua. Wakaoana, kifua kikazidi kutanuka, na fundi hakuchoka kumpanulia mashati.

Siku uvumi ulipomfikia, fundi akampigia mumewe simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini, laazizi."

Nyuma yake sauti ya kike ikasema, "Njoo uangalie."

Fundi aliondoka na gauni lake la njano lililojaa vipande vya nyuzi, amefura. Akausukuma mlango wa nyuma ya duka la dawa. Kifua alikuwa ameinamia darubini, macho mekundu.

"Kumbe wewe ndiye unayenichukulia mume!"

"Dada, namchukulia vipimo tu," yule wa koti jeupe, mpimaji wa maabara, akajibu. "Hebu chungulia na wewe."

Udadisi ukaishinda hasira. "Eh! Kama viluwiluwi! Mbona vimelala?"

"Ni mbegu zake. Kichwa hubeba urithi, na kofia yake hulainisha ganda la yai ipite. Chini ya kichwa kuna vijibetri vya kuupa mkia nguvu. Zake ni chache, na mikia haichapi."

"Kwa nini?"

Kifua akainama. "Sindano za kukuza misuli. Ulikisifu kifua, nikaogopa kisipungue. Kumbe zinafunga kiwanda cha mbegu."

"Ukaniacha niitwe tasa?"

"Niliona haya, mpenzi. Nisamehe."

"Haya yako nimeivaa mimi!" Akamgeukia mpimaji. "Kitafunguka?"

"Akiziacha na kumfuata daktari, mara nyingi hufunguka. Huchukua miezi, na siahidi."

Fundi akavua utepe wa kupimia shingoni, akamzungushia mumewe kifuani taratibu. "Mashati nitayapunguza mwenyewe. Ila dada zako utawaambia wewe."

"Leo?"

"Simu hii hapa."

Akaipokea. Akapiga.

Wanangu, epukeni haya:
sindano za misuli zisizotoka kwa daktari;
sigara na bangi;
kompyuta yenye moto mapajani;
dawa za nguvu za vichochoroni;
kumwita mke tasa kabla mume hajapimwa.